Kutoka na Kushuka

Asubuhi ya Julai kule Uwemba, maji ya bomba la nje huuma vidole. Kata hii ya Mji wa Njombe iko juu milimani, ukungu huchelewa kuondoka kwenye mashamba ya viazi, na anayekinga ndoo hapendi kuchuchumaa pale muda mrefu. Ndiyo maana macho yake hayabanduki kwenye maji. Ndoo ya lita 20 ni nyembamba kitakoni na pana mdomoni. Mwanzoni maji hupanda upesi, mkingaji akadhani kazi inakwisha. Yakishavuka nusu huanza kujivuta, na vidole vitatu vya mwisho chini ya ukingo huwa kama havifiki. Bomba halijabadilika hata kidogo; linatoa kile kile lilichokuwa likitoa. Kilichobadilika ni upana wa uso wa maji, na uso mpana hudai maji mengi zaidi kwa kila sentimita ya kupanda.

Mtoto aliyekinga maji namna hiyo tangu akiwa darasa la pili anaijua hesabu hii kwa macho na kwa mgongo. Halafu anafika kidato cha tano, anasoma fizikia, kemia na hisabati, na siku moja mwalimu wa hisabati ya juu anaandika ubaoni swali la chombo chenye umbo la koni, kimegeuzwa ncha chini, maji yanavuja kwa kasi isiyobadilika, na mwanafunzi anatakiwa aseme kina kinapungua kwa kasi gani maji yanapofikia kimo fulani. Darasa linanyamaza. Wengi wa wanaonyamaza wamekinga na kumwaga maelfu ya ndoo.

Maswali haya ni sehemu ya kalkulasi, tawi la hisabati linaloshughulika na vitu vinavyobadilika. Kundi lake ni la kasi zinazohusiana: kitu kimoja kinabadilika, kinakiburuta kingine, na ukiijua kasi ya mmoja unatafuta ya mwenzake. Wanafunzi hulihesabu miongoni mwa mada ngumu za kidato cha tano, na sababu wanayoitoa ni kwamba hesabu zimefichwa ndani ya maneno. Wanasema kweli. Ugumu uko kwenye maneno, na kwa mtu anayezungumza Kiswahili dawa yake iko karibu kuliko anavyodhani.

Maji yanatoka. Kina kinashuka. Hivi ni vitenzi viwili, na mtu wa Njombe havichanganyi hata akiwa na usingizi. Kutoka hupimwa kwa lita kwa dakika, au sentimita za ujazo kwa sekunde. Kushuka hupimwa kwa sentimita kwa dakika. Cha kwanza ni habari ya tundu, cha pili ni habari ya uso wa maji. Lugha ya mtihani, ambayo ni Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, huviita vyote viwili kwa neno moja la kasi ya badiliko, na mwanafunzi anayesoma haraka huona neno lile lile mara mbili katika swali moja, akadhani anaulizwa alichokwisha kupewa. Akilisema swali kwa Kiswahili kabla hajagusa kalamu, kwamba yanatoka hivi, je kinashuka vipi, nusu ya fumbo imefumbuka.

Kinachounganisha vitenzi hivyo ni uso wa maji. Katika muda mfupi mno, maji yaliyotoka ni sawa na bamba jembamba lililokuwa juu kabisa: eneo la uso mara unene wa bamba. Kwa hiyo kasi ya kushuka ni kasi ya kutoka ikigawanywa kwa eneo la uso. Sentensi hiyo moja ndiyo roho ya mada nzima, na inashangaza jinsi inavyochelewa kutajwa darasani, ikiwa inatajwa.

Pipa la lita 200, lile la bati lililokuwa la mafuta, lina kipenyo cha sentimita 57 hivi. Uso wake ni kama sentimita za mraba 2,550. Ukilifungua likatoa lita 10 kwa dakika, yaani sentimita za ujazo 10,000, kina kitashuka karibu sentimita 3.9 kila dakika, na itakuwa hivyo juu, katikati na chini, maadamu tundu linatoa kiasi hicho hicho. Pipa ni mcheduara. Uso wake haubadiliki. Hapo hata darasa la saba wanaweza.

Koni ndiyo yenye mambo. Ichukuliwe faneli yenye mdomo wa nusu kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 20, ya kuingia lita 2 na ushee. Tuseme inatoa sentimita za ujazo 50 kwa sekunde. Maji yakiwa na kina cha sentimita 16, nusu kipenyo cha uso wake ni 8, eneo ni kama 201, na kina kinashuka robo ya sentimita kwa sekunde. Yakifika 8, eneo limebaki 50 na kidogo, na kasi imekuwa sentimita 1 kwa sekunde. Yakifika 4, ni karibu sentimita 4 kwa sekunde. Yakifika 2, ni karibu 16. Kila kina kinapopungua kwa nusu, kasi ya kushuka inazidi mara nne. Jicho halina nafasi ya kufuata. Maji ya mwisho hayaonekani yakishuka, yanaonekana tu hayapo.

Na kuna jambo jingine la koni linalowadanganya watu wazima. Maji yakiwa nusu ya kina, kilichobaki si nusu ya maji. Ni sehemu moja ya nane. Anayetazama faneli au bwawa lenye kingo zinazolala na kusema tumebakiwa na nusu, huenda amebakiwa na asilimia 12.5.

Sasa kosa. Walimu wa hisabati ya juu wanalijua, maana hujirudia kila mwaka katika madaftari mapya. Mwanafunzi anaandika kanuni ya ujazo wa koni, theluthi ya pai mara nusu kipenyo kwa kipeo cha pili mara kimo. Anaona swali limetaja kina cha sentimita 8. Anaingiza 8 hapo hapo, na 4 kwenye nusu kipenyo. Anapata sentimita za ujazo 134, namba moja isiyotikisika, na anapotafuta kasi ya badiliko la namba isiyobadilika anapata sifuri. Maji yameganda mkononi mwake. Mwenzake anakwepa shimo hilo na kuangukia la jirani: anaiacha h, yaani kina, huru lakini anaweka 10 mahali pa nusu kipenyo, kwa sababu 10 ndiyo namba iliyochorwa mdomoni mwa faneli. Anapata sentimita 0.48 kwa sekunde kwa kina chochote kile, bila kutambua kwamba ameigeuza koni kuwa mcheduara.

Njia iliyonyooka ni kungoja. Kwanza pembetatu mbili zinazofanana, ile ya chombo na ile ya maji, zinasema nusu kipenyo cha uso ni nusu ya kina wakati wote. Hapo ujazo unaandikwa kwa h peke yake: V = πh³/12. Kisha kanuni ya mnyororo: kasi ya ujazo ni πh²/4 mara kasi ya kina. Itazamwe vizuri hiyo πh²/4. Ni eneo la uso wa maji, limejitokeza lenyewe kutoka ndani ya hesabu. Baada ya hapo, na si kabla, 8 inaruhusiwa kuingia.

Kwa nini baada? Vitabu hutoa amri bila kueleza, na mwanafunzi huikariri. Sarufi ya Kiswahili inaeleza. Ukisema kina ni sentimita 8, umetoa habari ya kitu kilichotulia. Ukisema kina kikiwa sentimita 8, umesema habari ya kitu kilicho njiani, kinachopita hapo na hakitakaa. Kiambishi -ki- kinashika hali iliyo katikati ya mwendo: akipita, ikinyesha, yakishuka. Swali la chombo kinachovuja ni swali la -ki- tangu mwanzo mpaka mwisho. Kanuni ya ujazo ni ya safari nzima. Ile 8 ni ya kituo kimoja, na basi halisimami hapo. Anayeingiza namba mapema amegeuza -kiwa kuwa ni. Mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza, kama inavyompasa, hapotezi dakika 2 akimwambia mwanafunzi asome swali kwa lugha ya nyumbani na asikilize kitenzi.

Namna hii ya kufundisha kalkulasi kwa vitu vinavyojaa na kupungua ina umri wake. Mwaka 1836 Mskoti William Ritchie, profesa wa falsafa ya asili katika Chuo Kikuu cha London, alitoa kitabu cha kanuni za kalkulasi akiwalenga watu wasio na msingi mkubwa wa jiometria. Alianza na bamba la chuma la mraba linalotanuka kwa joto: ubavu ukirefuka kwa kasi hii, eneo linakua kwa kasi gani? Alifariki mwaka uliofuata. Mifano ya aina hiyo ilimzidi umri. Iliingia katika kitabu baada ya kitabu, ngazi inayoteleza ukutani, kivuli kinachorefuka, koni inayovuja, na kwa njia ya shule za Kiingereza ikafika Afrika Mashariki. Kilichopungua njiani ni lile lengo lake la kumsaidia mwanafunzi wa kawaida aone. Mifano ilibaki, ikawa ya mtihani.

Nje ya mtihani hesabu hii bado ina kazi. Makambako iko upande wa pili wa mkoa wa Njombe, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Tunduma na reli ya TAZARA inapita. Malori hulala hapo, na vituo vya mafuta ni vingi. Chini ya sakafu ya kituo cha mafuta mna matangi ya mcheduara yaliyolazwa kwa ubavu. Mfanyakazi anayepima akiba huteremsha fimbo ndefu yenye alama, akaitoa, akasoma sehemu iliyolowa, kisha akatazama jedwali. Mgeni anaweza kuuliza jedwali ni la nini, kwani fimbo si imekwisha kutoa jibu?

Haijatoa. Tangi la mcheduara likilazwa, uso wa mafuta ni mstatili ambao urefu wake haubadiliki lakini upana wake hubadilika kila hatua. Ukiwa karibu na dari la tangi uso ni mwembamba. Hupanuka mpaka katikati, kisha hufinyika tena kuelekea chini. Tangi la nusu kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 5 huchukua kama lita 15,700. Kina kikiwa nusu, uso una mita za mraba 10, na sentimita moja ya fimbo ni lita 100. Kina kikiwa sentimita 20 kutoka chini, upana wa uso ni mita 1.2, na sentimita ile ile moja ni lita 60 tu. Kwa hiyo pampu zikiuza kwa kasi ile ile mchana kutwa, fimbo itaonyesha akiba ikishuka haraka, halafu polepole, halafu haraka tena. Aliyezoea utulivu wa katikati huweza kuchelewa kuagiza lori. Jedwali lililobandikwa ukutani ni kalkulasi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine.

Kufikia hapa kuna dhana moja inayostahili kuguswa, maana wanafunzi wenye macho makali huiuliza: kweli maji hutoka kwa kasi isiyobadilika? Hapana. Mwaka 1644 Mwitalia Evangelista Torricelli alichapisha kwamba maji yanayotoka kwenye tundu huwa na kasi ile ile ambayo yangekuwa nayo kama yangedondoka kutoka kimo cha uso wake. Juu ya tundu kukiwa na mita 1 ya maji, yanaruka kwa mita 4.4 hivi kwa sekunde. Ikibaki robo ya mita, yanaruka kwa nusu ya hapo. Mwenye tangi la plastiki nyumbani ameliona hili bila kumsikia Torricelli: asubuhi likiwa limejaa bomba linarusha, jioni linadondosha. Katika tangi lililosimama wima, nusu ya juu ya maji huisha kwa asilimia 29 tu ya muda wote. Nusu ya chini hula asilimia 71 iliyobaki.

Basi mcheduara huzidi kuwa mpole na koni huzidi kuwa na pupa, hata ikitiwa sheria ya Torricelli. Katikati ya hivyo viwili lazima pawe na umbo ambalo uso wake hufinyika sawasawa na jinsi tundu linavyochoka, ili kina kishuke kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wa kale walilitafuta kwa sababu walihitaji saa. Mwaka 1904 huko Karnak, Misri, kulifukuliwa chombo cha alabasta cha enzi za Farao Amenhotep wa Tatu, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Kristo. Chombo hicho ni kipana juu, chembamba chini, kina tundu karibu na kitako, na ndani yake mmechongwa safu za alama za kugawa usiku katika saa. Kalkulasi ilikuwa mbele yao kwa miaka 3,000. Ukiitumia leo unapata kwamba nusu kipenyo kinapaswa kukua kama kipeuo cha nne cha kimo. Ubavu ulionyooka wa chombo cha Karnak haufiki hapo barabara, lakini umeinama upande unaotakiwa. Aliyekichonga alikuwa ameyatazama maji kwa makini sana.

Hapa Tanzania chombo kikubwa kilichowahi kutazamwa na taifa zima ni bwawa la Mtera. Mito inayotoka safu ya Kipengere, kama Kimani na Mbarali, huteremka Usangu, ikawa Ruaha Mkuu, ikaingia katika bwawa hilo. Ruhuji ya upande wa Njombe huenda njia nyingine, kwa Kilombero, na maji ya pande zote mbili hukutana katika Rufiji kabla ya kufika bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Uwemba yenyewe ina kituo kidogo cha umeme wa maji, hakifiki megawati 1. Mtera kuna megawati 80, na chini yake Kidatu hutegemea akiba ile ile kwa megawati 204.

Kwa miaka mingi redio zilitangaza kimo cha maji ya Mtera kwa mita juu ya usawa wa bahari, na wasikilizaji ambao hawajawahi kufika huko wakazikariri namba: 698.5 limejaa, 690 ni mwisho wa kuendesha mitambo. Umbali ni mita 8.5. Mtu aliyesikia kwamba bwawa limeshuka mpaka 694 alijifariji kwamba tuko katikati. Lakini Mtera si pipa. Ni bonde lenye kingo zinazolala. Likijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600, na likishuka ufuko husogea ndani, ng'ombe wakalishwa mahali palipokuwa na mitumbwi. Zikichukuliwa kilomita za mraba 600 na matumizi ya mita za ujazo 100 kwa sekunde, mfano tu wa kupigia hesabu, kina kinashuka sentimita 1.44 kwa siku. Uso ukibaki nusu ya hapo, matumizi yale yale yanakishusha sentimita 2.88. Mashine haijaongeza kunywa. Ni sahani iliyokwisha, kimebaki kikombe.

Jua nalo lina hesabu yake, na ni nzuri ajabu. Mvuke hutoka usoni, kwa hiyo kiasi kinachopotea hukua pamoja na eneo la uso. Ukikigawanya kwa eneo hilo hilo ili kupata kasi ya kushuka, eneo linajifuta. Hali ya hewa ikiwa moja, jua hushusha kina kwa mwendo ule ule katika koni, katika pipa na katika ziwa, bila kujali umbo. Chombo chenye uso mpana hupoteza maji mengi zaidi, lakini hakishuki haraka zaidi kwa ajili ya jua.

Mwezi Oktoba 2015 ukame ulifikia mahali ambapo vituo vya umeme wa maji nchini vilizimwa. Waliokuwa wakifuata namba za Mtera waliona mita za mwisho zikienda upesi kuliko za mwanzo, na wengi walitafuta mtu wa kulaumiwa. Huenda lawama nyingine zilikuwa za haki; ukame, mashamba ya mpunga ya juu ya mto na maamuzi ya mitambo yote yalikuwa mezani. Lakini sehemu ya upesi ule ilikuwa jiometria, na taifa lililosomesha maelfu ya vijana kuhusu koni inayovuja lilistahili kuelezwa hivyo katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Mwanafunzi wa Uwemba hahitaji kusafiri mpaka Mtera kuyaona haya. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu inatosha, ikatwe katikati na nusu yake ya juu igeuzwe shingo chini. Kizibo kitobolewe kwa msumari wa moto. Kwa nje zichorwe alama kila baada ya sentimita 1, kidole kizibe tundu, maji yajazwe, na rafiki ashike simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kidole kinaondoka. Sehemu ya juu ya chupa ni mcheduara, na alama hupita moja moja, kila moja ikichelewa kidogo kuliko iliyotangulia, kama Torricelli alivyosema. Kisha maji yanafika kwenye bega, pale plastiki inapoanza kufinyika kuelekea shingoni, na yule mwenye simu, aliyekuwa ametulia akiandika, ghafla anaacha kuandika na kuanza kupiga kelele: sasa, sasa, sasa.